Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika riwaya ya mauaji katika ulimwengu wa madaktari wa enzi ya Malkia Victoria

Wasomaji wengi mnaniletea miswada ya riwaya za mauaji zilizowekwa Uingereza ya karne ya 19, kwenye hospitali, maduka ya dawa na vyumba vya kupasulia maiti. Nyingi zinaangukia mahali pamoja. Mpelelezi wa mwaka 1856 anachukua alama za vidole kwenye glasi. Muuaji anamziba mtu pua kwa leso yenye klorofomu, na mtu anazimia papo hapo. Muuguzi wa mwaka 1850 anazungumzia vijidudu, na hakuna anayemshangaa. Msuko ni mzuri, lugha inatiririka, lakini kesi nzima imesimama juu ya kitu ambacho siku zile hakikuwapo.

Mwongozo huu unashughulikia kosa hilo tu. Kanuni yake ni moja: mwaka ndio unaotunga fumbo. Ukishajua daktari wa mwaka huo alijua nini, sheria ilimruhusu nini, na kemia iliweza kuona nini, sehemu kubwa ya msuko umeshaipata. Ukianza na muuaji, kisha ukamtafutia mwaka wa kumbandika, utahangaika hadi sura ya mwisho.

Njiani tutajenga kesi moja ya kubuni: mji mdogo wa England, vuli ya 1852. Mke wa daktari anaugua tumbo kwa wiki mbili, anafariki, anazikwa. Kijana anayejifunza kazi kwa daktari huyo ana shaka, na hana cheo wala pesa.

## Vifaa utakavyohitaji

Kusanya hivi kabla ya kuandika sentensi ya kwanza:

- Daftari lenye safu tatu kwa kila ukurasa: *walichojua*, *sheria iliruhusu*, *maabara iliona*. Utalijaza kuanzia hatua ya 1.
- Kumbukumbu za kesi za mahakama ya Old Bailey, London, za miaka 1674 hadi 1913. Zipo mtandaoni bure. Humo utawasikia wauza dawa, wajakazi, madaktari na polisi wakijibu maswali mbele ya jaji. Hakuna kifaa kingine kitakachokupa sauti za watu wale kwa ukaribu huo.
- Hazina ya kidijitali ya Wellcome Collection, nayo bure, yenye vitabu vya tiba na vya sumu vya karne ya 19 vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.
- Ramani za mitaa za zamani kutoka Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Zinaonyesha mpaka vichochoro.
- Kalenda ya mwaka uliouchagua, ili Jumapili yako iwe Jumapili kweli.
- Jedwali la pesa: pauni 1 ni shilingi 20, shilingi 1 ni peni 12, gini 1 ni shilingi 21.

Simu yenye intaneti inatosha. Kusafiri si lazima. Kilicho lazima ni subira ya kusoma kesi kadhaa za Old Bailey mwanzo hadi mwisho kabla ya kuanza yako.

## Hatua ya 1: Funga mwaka na mji

Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Hiyo ni karibu miaka 64, na tiba ya mwanzoni mwake na ya mwishoni ni dunia mbili. Ukiandika tu "enzi ya Victoria" hujaandika kitu. Chagua mwaka mmoja, ukiweza hata mwezi.

Ili uone tofauti, pitia tarehe hizi. Desemba 1846, Robert Liston anamkata mgonjwa mguu kwa kutumia etha hospitalini University College, London. Kabla ya hapo mgonjwa alishikiliwa kwa nguvu akiwa macho. Novemba 1847, James Young Simpson wa Edinburgh anaanza kutumia klorofomu. Mwaka 1853 Alexander Wood, naye wa Edinburgh, anaanza kudunga dawa chini ya ngozi kwa sindano. Mwaka 1865 Joseph Lister anaanza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki katika hospitali ya Glasgow. Mwaka 1895 Röntgen anagundua miale ya eksirei.

Kwa hiyo muuaji anayetumia sindano mwaka 1849 hawezekani. Mwaka 1860 anawezekana, lakini kila mtu atataka kujua sindano hiyo ameitoa wapi.

Mji nao una uzito. England na Uskoti zilikuwa na sheria tofauti, na tofauti hiyo inabadilisha mwisho wa hadithi yako, kama utakavyoona hatua ya 4 na ya 7. Usihamishe mhusika kutoka London kwenda Glasgow katikati ya kesi bila kujua unachokifanya.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuandika, kwa kila safu ya daftari, mistari mitano ya mwaka wako bila kufungua kitabu. Kwa mwaka wetu wa 1852: klorofomu ipo, sindano haipo, nadharia ya vijidudu haipo, kipimo cha arseniki kipo, sheria ya kuuza arseniki ina mwaka mmoja tu.

## Hatua ya 2: Mpe daktari wako cheo sahihi

Hapa tupite haraka, ila usiruke. Ulimwengu ule ulikuwa na ngazi tatu. Juu kabisa alikuwa tabibu mwenye shahada, aliyelipwa kwa gini na ambaye kwa desturi hakushika kisu. Chini yake mpasuaji, aliyeitwa "Bwana" na si "Daktari". Chini zaidi alikuwa mchanganya dawa mwenye leseni, ambaye kwa maskini na watu wa kati ndiye aliyekuwa daktari wa kila siku. Miji midogo mara nyingi mtu mmoja alikuwa mpasuaji na mchanganya dawa kwa pamoja, na huyo ndiye daktari wetu wa 1852.

Kabla ya Sheria ya Tiba ya 1858 hapakuwa na rejista moja ya kitaifa ya madaktari. Mtu aliweza kutundika kibao mlangoni na kutibu. Kama unataka daktari bandia katika riwaya, weka hadithi kabla ya mwaka huo na kazi yako itakuwa nyepesi.

Tahadhari: Wizi wa maiti makaburini kwa ajili ya madaktari ni mali ya kipindi cha kabla ya Victoria. Burke na Hare waliua watu 16 Edinburgh mwaka 1828 na kuuza miili yao. Sheria ya 1832 iliwapa wanafunzi wa tiba miili ya maskini wasiodaiwa na jamaa, na biashara ile ikafa. Mwaka 1852 hofu ya kweli ya maskini ilikuwa kufia katika nyumba ya mafukara, asitokee ndugu wa kumchukua. Andika hofu hiyo; ni nzito kuliko majembe ya usiku.

## Hatua ya 3: Jenga kifo kuanzia kitandani

Waandishi wengi huchagua sumu kwa jina lake. Wewe chagua kwa dalili. Uliza: aliyekaa kando ya kitanda aliona nini, na kitu hicho kilifanana na ugonjwa gani wa kawaida? Fumbo zuri la kitabibu linazaliwa pale daktari mwaminifu anapoweza kukosea bila kuwa mjinga.

Arseniki. Unga mweupe, ladha yake karibu haipo, unauzwa kwa ajili ya panya. Mgonjwa anatapika, anaharisha, tumbo linamkata, ana kiu isiyokatika. Hizo ndizo pia dalili za kipindupindu na za magonjwa ya tumbo yaliyojaa kila mji. Kipindupindu kilipiga Uingereza 1848–49, kisha 1853–54, kisha 1866. Katika miaka hiyo maiti nyingine ya kuhara haikumshtua mtu. Mwaka wetu wa 1852 uko katikati ya mawimbi mawili, kwa hiyo daktari akisema "kipindupindu", jirani atauliza mbona ni nyumba moja tu. Tazama jinsi mwaka ulivyotuletea swali la kwanza la upelelezi bila sisi kulitafuta.

Strikinini. Misuli inakaza, mwili unajipinda kama upinde, akili ikiwa timamu hadi mwisho. Inafanana na pepopunda. Ina uchungu mkali mdomoni, kwa hiyo inahitaji kidonge au dawa nyingine chungu ya kuificha. Ukimnywesha mhusika strikinini ndani ya chai tamu bila yeye kukunja uso, umeshampoteza msomaji.

Antimoni. Ilikuwa ndani ya kabati la kila daktari kama dawa ya kutapisha. Inaua polepole ikitolewa kidogo kidogo. Kwa muuaji mwenye subira na mwenye ufunguo wa kabati, hakuna nyingine inayomfaa zaidi.

Kasumba. Iliyeyushwa kwenye pombe na kuuzwa dukani bila cheti. Watu wazima waliinywa kwa maumivu, wachanga walipewa ili walale. Kuzidisha kipimo kulionekana ajali, na mara nyingi kulikuwa ajali kweli.

Klorofomu. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Leso haimlazi mtu mzima mwenye nguvu kwa sekunde mbili. Inachukua dakika kadhaa za kuvuta hewa hiyo, na mtu asiyetaka atapigana. John Snow, bingwa wa London wa kulaza wagonjwa kwa dawa, aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipojifungua mwaka 1853, alipinga hadharani hadithi za wezi wanaolaza watu barabarani kwa leso. Lakini klorofomu iliua kweli, tena mikononi mwa madaktari wema: Januari 1848 binti wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki wakati wa kutolewa ukucha wa kidole cha mguu. Kifo juu ya meza ya upasuaji kinachoonekana bahati mbaya ni mwanzo wa riwaya bora kuliko leso.

Sasa kesi yetu. Sheria ya Arseniki ya 1851 ilimtaka muuzaji aandike kitabuni jina la mnunuzi, anwani, kiasi na sababu ya kununua, na mnunuzi atie sahihi. Kama hawafahamiani, lazima awepo shahidi anayewajua wote wawili. Tena arseniki ya rejareja ilipaswa kuchanganywa na masizi au nili, ili mtu aione ndani ya chakula. Dawa zilizoandikwa na daktari na mauzo ya jumla hazikuguswa na masharti hayo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho polepole. Mke akipatikana na arseniki yenye chembe za nili tumboni, tunakwenda kwenye kitabu cha duka na kutafuta sahihi. Akipatikana na arseniki nyeupe, macho yote yanageukia kabati la mumewe. Na kama daktari ni mwerevu, atamtuma mjakazi kununua arseniki ya panya yenye nili, atie sahihi yake yule binti asiyejua kitu. Ndani ya daftari la duka kutakuwa na msalaba uliochorwa na mkono usiojua kuandika, na jina lililojazwa na muuza dawa pembeni yake. Fumbo letu sasa lina uongo, ushahidi na mtu wa kuonewa, vyote vimetoka kwenye sheria moja.

Strikinini haikuwekewa masharti ya namna hiyo hadi Sheria ya Famasia ya 1868. Kumbuka hilo kama muuaji wako anataka kununua bila kuandikwa.

Utajua umefaulu ukimpa mtu orodha ya dalili zako bila kumtajia sumu, naye akataja ugonjwa wa kawaida.

## Hatua ya 4: Tafuta nani anaandika sababu ya kifo

Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo yenye hazina.

Uandikishaji wa vifo England na Wales ulianza Julai 1837, Uskoti Januari 1855. Lakini England cheti cha daktari kuhusu sababu ya kifo hakikuwa cha lazima hadi sheria ya 1874. Kabla ya hapo msajili aliweza kuandika alichoambiwa na aliyekuwapo. Hata baada ya 1874, sheria haikumlazimisha daktari kuitazama maiti kabla ya kusaini.

Tazama kilichotokea Glasgow mwaka 1865. Daktari Edward Pritchard alikuwa akimpa mkewe antimoni kidogo kidogo. Mama mkwe alikuja kumuuguza binti yake, naye akafariki Februari. Daktari jirani, Paterson, aliyekuwa ameitwa kumwona, alikataa kusaini cheti na kumwandikia msajili kwamba kifo kilikuwa cha ghafla na cha kutatanisha. Hakwenda polisi. Pritchard akajisainia mwenyewe. Machi mke naye akafariki, na Pritchard akasaini tena, safari hii akiandika homa ya tumbo. Ni barua isiyo na jina iliyowaamsha wakuu. Miili ikachunguzwa, antimoni ikapatikana, na Julai akanyongwa mbele ya umati.

Angalia pale Paterson alipokataa kusaini lakini akanyamaza. Adabu ya taaluma ilimfunga mdomo: daktari hamtuhumu daktari mwenzake. Ukimya huo ndio moyo wa aina hii ya riwaya. Kila mmoja ndani ya nyumba anaona kipande, na kila mmoja ana sababu ya heshima ya kutosema. Wape wahusika wako sababu za heshima. Mjakazi anaogopa kufukuzwa bila barua ya sifa, mchungaji ametunza siri aliyoambiwa, na daktari wa pili ana deni kwa daktari wa kwanza.

Kifo cha mashaka England kilikwenda kwa afisa wa kuchunguza vifo, aliyeitisha baraza la raia, mara nyingi katika chumba cha baa kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa. Wazee wa baraza walilazimika kuitazama maiti kwa macho yao. Uskoti haikuwa na afisa huyo kabisa; mwendesha mashtaka wa eneo alichunguza kimya kimya. Tahadhari: ukiweka baraza la baa mjini Edinburgh, msomaji wa Kiskoti atakurudishia kitabu.

Usisahau bima ya maisha. Ndiyo sababu ya pesa iliyo rahisi kuthibitishwa, na kampuni ya bima inaweza kuwa ya kwanza kutia shaka.

## Hatua ya 5: Peleka chupa maabara

Onyesha kipimo kwa karibu, hatua kwa hatua. Msomaji wa riwaya za upelelezi anapenda kuona mikono ikifanya kazi.

James Marsh alitangaza kipimo chake cha arseniki mwaka 1836. Ndani ya chupa kuna zinki na asidi. Povu linapanda. Unaongeza maji yaliyotokana na tumbo la marehemu. Gesi inapita kwenye mrija mwembamba, unaiwasha mdomoni mwa mrija, kisha unashika kigae baridi cha kauri juu ya ule mwali. Kama kuna arseniki, doa jeusi linalong'aa mithili ya kioo linatanda juu ya kauri. Antimoni nayo hutoa doa, kwa hiyo mkemia mzuri hapumziki: analijaribu doa hilo kwa maji ya klorini ya kusafishia nguo. La arseniki linayeyuka, la antimoni linabaki.

Gesi hiyo inaua. Mkemia wa Kijerumani Gehlen alifariki mwaka 1815 kwa kuivuta. Mwanafunzi wetu akifanya kipimo hicho usiku, chumba cha nyuma cha duka la dawa, dirisha likiwa limefungwa ili mwanga usionekane nje, una taharuki ya kweli.

Na kuna mtego mkubwa zaidi: zinki na asidi za madukani mara nyingi zilikuwa na arseniki ndani yake. Ndiyo maana mpimaji alipaswa kuanza na chupa tupu, bila kitu cha marehemu. Fikiria kijana wetu anawasha chupa tupu na doa linatokea. Ushahidi wake wa wiki nzima umeharibika, na atatafuta wapi zinki safi bila bwana wake kujua?

Haya si ubunifu wa mtunzi. Mwaka 1859 Alfred Swaine Taylor, mtaalamu wa sumu aliyeheshimika kuliko wote England, alisema ameona arseniki katika kesi ya Thomas Smethurst. Baadaye ikabainika arseniki ilitoka kwenye shaba aliyoitumia yeye mwenyewe kupimia. Smethurst alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa.

Fikiria pia safari ya chupa kabla haijafika maabara. Novemba 1855, John Parsons Cook alifariki katika nyumba ya wageni mjini Rugeley. Aliyeshukiwa, daktari William Palmer, aliruhusiwa kuhudhuria upasuaji wa maiti. Vurugu ikatokea, mpasuaji akasukumwa, sehemu ya vilivyokuwa tumboni ikamwagika. Kisha chupa ikapotea kidogo, na ilipopatikana kifuniko chake cha ngozi kilikuwa na mikato miwili. Palmer akamwahidi mwendesha gari la farasi pauni 10 aipindue njiani. Taylor hakupata strikinini, alipata antimoni tu. Palmer alinyongwa hata hivyo Juni 1856, kwa ushahidi wa mienendo yake na wa dalili za marehemu.

Utajua umefaulu kama sura yako ya maabara inaweza kuzaa majibu matatu, ndiyo, hapana na labda, na kila jibu linampeleka msomaji kwa mtu tofauti.

## Hatua ya 6: Chagua mpelelezi anayewezekana

Polisi wa London walikuwa na kitengo cha wapelelezi kuanzia 1842, na kilianza na watu wanane tu. Nje ya London, kila kaunti haikulazimika kuwa na polisi hadi 1856. Mji wetu mdogo wa 1852 unaweza kuwa hauna mtu wa kupeleleza zaidi ya mlinzi wa parokia. Hiyo ni nafuu kwako: inamlazimisha raia kusimama.

Mwanamke hakuweza kuwa daktari mwenye leseni mwaka huo. Elizabeth Garrett alipata leseni yake London mwaka 1865. Wanawake waliokwenda kufanya mtihani wa anatomia Edinburgh Novemba 1870 walizibiwa njia na kundi la wanafunzi wa kiume, wakarushiwa matope. Mwanamke mwenye akili ya kitabibu mwaka 1852 ni mkunga, muuguzi, au binti wa mchanganya dawa aliyesoma vitabu vya baba yake. Wote hao huingia vyumba ambavyo mpelelezi wa kiume haingii.

Wengine mnapenda kumweka Mswahili ndani ya hadithi. Inawezekana, ila kwa njia ya kweli. Mwaka 1857 ilifunguliwa Limehouse, karibu na bandari za London, nyumba ya kupokea mabaharia wa Asia na Afrika. Na upande wa pili, John Kirk, aliyesomea utabibu Edinburgh, alifika Unguja mwaka 1866 kama daktari wa uwakala wa Kiingereza, huku James Christie akitibu mjini humo humo na kuandika kwa kina kuhusu kipindupindu kilichopiga Unguja 1869–70. Daktari wa Edinburgh mwenye siri iliyomfuata hadi Unguja: hiyo naisubiri kwa hamu kutoka kwa mmoja wenu.

## Hatua ya 7: Ipeleke kesi mahakamani kwa sheria ya siku zile

Jambo moja linawashangaza wengi. Hadi mwaka 1898, mshtakiwa wa mauaji England hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo kujitetea. Mume au mke wake vivyo hivyo. Wakili alisema kwa niaba yake, yeye akakaa kizimbani akitazamwa.

Kwa hiyo futa ile sura ambayo wakili anambana muuaji kwa maswali mpaka anakiri. Haiwezekani mwaka 1852. Weka badala yake muuza dawa anayesoma kitabu chake cha sumu kwa sauti, huku daktari kizimbani akiandika vijikaratasi vya maelekezo kwa wakili wake. Ukimya wa mshtakiwa ni mzigo mkubwa, utumie.

Rufaa haikuwapo kwa maana tunayoijua; mahakama yake iliundwa 1907. Kilichobaki ni kuomba msamaha wa serikali. Kunyonga hadharani kulikoma mwaka 1868.

Uskoti wazee wa baraza walikuwa 15 na hukumu zilikuwa tatu: ana hatia, hana hatia, na *haijathibitishwa*. Mwaka 1857 Madeleine Smith wa Glasgow alishtakiwa kumpa mpenzi wake arseniki. Sahihi yake ilikuwa kwenye kitabu cha duka, na rangi ya arseniki aliyoinunua ikabishaniwa mahakamani kwa sababu haikuonekana mwilini mwa marehemu. Hukumu ikawa haijathibitishwa, akatoka. Ukitaka mwisho usiofungika, peleka kesi Uskoti.

## Hatua ya 8: Andika mazungumzo kutoka ndani ya kichwa chao

Mwaka 1852 madaktari wengi waliamini magonjwa hutokana na hewa chafu. Hata Snow alipoonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad kilitoka kwenye pampu ya maji, wengi hawakukubali.

Linganisha.

*Rasimu niliyoiona ikijirudia:* Daktari alivaa glavu, akapima joto la mgonjwa, akasema, "Ana maambukizi ya bakteria tumboni."

*Inavyopaswa:* Daktari alivua glavu zake za barabarani, akamshika mgonjwa kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa saa ya mfukoni. Akamwomba atoe ulimi, akautazama kwa muda. "Ni hewa ya ule mto, Bibi," akamwambia dada wa mgonjwa. "Usiku fungeni madirisha. Nitaleta dawa mwenyewe."

Sentensi ya mwisho inatisha bila neno la kutisha, kwa sababu msomaji anajua dawa inatoka kabati gani.

## Hatua ya 9: Pitia rasimu kwa kalamu nyekundu

Soma muswada wote ukitafuta tu vitu hivi, na kwa kila kimoja andika mwaka wake pembeni:

- alama za vidole (Scotland Yard, makao ya polisi wa London, ilianzisha ofisi yake 1901)
- makundi ya damu na kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama (karibu 1901)
- eksirei (kuanzia 1895)
- glavu za mpira chumba cha upasuaji (miaka ya 1890)
- kipimajoto kifupi cha mfukoni (mwishoni mwa miaka ya 1860)
- muuguzi aliyesomea kazi hospitalini (shule ya wauguzi ya Nightingale, hospitali ya St Thomas', London, 1860)
- bakteria wa kifua kikuu au kipindupindu kutajwa kwa uhakika (miaka ya 1880)

Upande wa pili pia usikosee. Wengine hufuta telegrafu wakidhani ni mapema mno. Januari 1845 John Tawell alimpa mwanamke sumu karibu na Slough, akapanda treni kwenda London, na habari ikamtangulia kwa waya hadi kituo cha Paddington, akafuatwa na kukamatwa.

Ukikuta kosa, usilifute na kuacha pengo. Uliza walitumia nini badala yake. Chukua kisu chenye damu katika kesi yako ya 1852. Hakuna mtu duniani anayeweza kuapa kama ni damu ya mtu au ya sungura. Mshukiwa atasema alichinja sungura Jumamosi. Basi mpelelezi wako aache kisu, aende jikoni, amuulize mpishi Jumapili ile walikula nini.